Mbwa Jike Asiyetaka Kutulia Baada ya Kutolewa Kizazi: Majibu kwa Wasomaji

Tumepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wa Mombasa, na karibu zote zinaeleza shida moja: mbwa kijana ametolewa kizazi, mwili wake unahitaji mapumziko, lakini yeye mwenyewe hayataki. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo wasomaji wengine wameyauliza nusu nusu.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana ninayeishi Kisauni pamoja na mama yangu na wadogo zangu. Tunaye mbwa jike wa ulinzi, chotara, anayeitwa Tausi, mwenye umri wa miezi 9. Juzi alifanyiwa upasuaji wa kutolewa kizazi, akarudishwa nyumbani jioni ile ile kwa tuktuk, bado analewalewa. Usiku wa kwanza alilia sana na hakula. Kulipokucha alikuwa kama hakupasuliwa: anaurukia ukuta wa uani, anawakimbiza paka, anamparamia kila anayefungua mlango, na kola ya plastiki aliyovishwa ameshaivunja upande mmoja. Daktari aliyempasua alituambia tumtulize kwa siku 14, lakini hakutueleza ni kwa njia gani. Nikimfunga mnyororo anauvuta mpaka anajikaba. Nikimfungia stoo anabweka usiku kucha, na majirani wameanza kulalamika. Mama anaswali sebuleni na hataki mbwa aingie ndani ya nyumba. Je, ni lazima kweli atulizwe ikiwa anaonekana mzima? Na kama ni lazima, nifanyeje? — Msomaji, Kisauni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni lazima, na sababu yake haionekani kwa macho. Ili kuzitoa ovari na mji wa mimba, daktari hupasua tumbo katikati, akipita kwenye ngozi, kisha mafuta yaliyo chini ya ngozi, kisha utando mweupe mgumu unaoiunganisha misuli ya tumbo ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto. Na ndani kabisa huifunga kwa nyuzi mishipa ya damu iliyokuwa ikivilisha viungo hivyo, kabla ya kuvikata. Ngozi hupona upesi, na baada ya siku chache kingo zake huwa zimeshikana, jambo linalomfanya mwenye mbwa aamini kwamba kazi imekwisha. Utando wa ndani hauendi kwa kasi hiyo. Katika wiki 2 za mwanzo huwa umerejesha sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na kinachoushikilia zaidi ni nyuzi za daktari. Kila Tausi anapouparamia ukuta, uzito wa viungo vya tumboni huzilemea nyuzi hizo kwa ghafla.

Mara nyingi matokeo ya purukushani hizo huwa madogo: maji hujikusanya chini ya ngozi, jeraha huvimba, na siku za kupona huongezeka. Mara chache huwa makubwa. Utando ukiachana, matumbo husukumwa chini ya ngozi na kufanya ngiri. Na ngozi nayo ikifunguka, matumbo yanaweza kutoka nje, hali inayotaka mbwa afikishwe kwa daktari saa hiyo hiyo akiwa amefunikwa tumbo kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kwa kuwa Tausi ameshauruka ukuta, ningependa umrudishe kwa daktari wake leo ili jeraha likaguliwe, hata kama huoni kasoro yoyote.

Kwa nini basi anaonekana mzima? Ni kijana, dawa ya maumivu aliyopewa inafanya kazi, na mbwa kwa tabia yake hudhihirisha maumivu kidogo kuliko anayoyasikia. Hapa nataka kusema jambo ambalo linanihuzunisha kila ninapolisikia. Wapo watu wanaoacha kumpa mbwa dawa ya maumivu kwa makusudi, wakitumaini kwamba akiumwa atatulia. Usifanye hivyo. Maumivu humnyima mbwa usingizi, humpunguzia hamu ya kula, humfanya ashughulike na jeraha lake kwa kulilamba na kulitafuna, na kwa hayo yote hukuchelewesha kupona. Dawa mpe kama ulivyoandikiwa mpaka imalizike, na utulivu wake utafute kwa njia nyingine.

Kilio cha usiku wa kwanza kisikutie hofu. Nusukaputi inapokuwa ikimtoka mbwa, humwacha amechanganyikiwa kwa saa kadhaa. Hulia bila ya kuwa na maumivu makali, hutembea kwa kuyumba, na akila chakula kingi hutapika. Wengine hukohoa kidogo kwa siku moja au mbili, kwa sababu wakati wa upasuaji huwa wamewekewa mpira wa kupumulia kooni. Choo kikubwa nacho kinaweza kukosekana kwa siku 2 au 3. Mkojo ndio usiokosekana: ikipita siku nzima bila mbwa kukojoa, mpigie daktari.

Sasa tuje kwenye mahali pa kumweka. Mnyororo uache kabisa, kwa sababu mbwa aliyefungwa mnyororo hujirusha mbele kwa nguvu zake zote na kisha kuvutwa nyuma ghafla, na hilo ni baya kwa tumbo lake kuliko hata kukimbia. Kinachofaa ni kizimba: fundi seremala anaweza kukitengeneza kwa mbao na wavu, kiwe na nafasi ya kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, lakini isimtoshe kupata mbio. Ombi la mama yako ni la haki na halipingani na tiba hata kidogo, maana kizimba kinaweza kukaa uani au kwenye kibaraza cha nyuma, mradi pawe na kivuli cha kutwa nzima na upepo unaopita. Kivuli cha makuti kinafaa sana. Cha mabati peke yake, kwa joto la Mombasa la kaskazi, ni hatari, kwa kuwa mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema, na hewa yenye unyevu mwingi kama yetu haimsaidii kupoa. Vyombo vyake vya chakula viwe vyake peke yake na vioshwe mbali na vya jikoni, na mtu mmoja awe na nguo maalumu ya kumshikia, ili anayetaka kwenda kuswali asipate taabu.

Sakafu ya kizimba itandikwe kitu kisichoteleza. Mkeka wa zamani juu yake shuka safi unatosha. Shuka hilo, nakusihi, lipigwe pasi kila baada ya kufuliwa. Katika mwambao wetu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini na kwenye mchanga ulioingia mkojo, na mabuu yake hupenya kwenye ngozi ya mbwa na ya binadamu na kufanya majipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo.

Kubweka kwa Tausi stoo kunatokana zaidi na kutengwa ghafla kuliko na kufungiwa. Umzoeshe kizimba mchana kwanza, chakula chake chote akipate humo, huku wewe ukiwa karibu ukifanya shughuli zako. Ufungue akiwa kimya, usifungue akiwa anabweka, vinginevyo atajifunza kwamba kubweka ni ufunguo. Usiku geuza upande ulio wazi uelekee ukutani, umfunikie nusu ya kizimba ili asiwaone paka wanaopita. Mabaki ya chakula yaondolewe mara moja, kwa kuwa kunguru wa mji huu hawangoji kualikwa, na kila wakitua atawarukia.

Kola iliyovunjika uibadilishe leo, usisubiri kesho. Ipo imani mitaani kwamba ulimi wa mbwa ni dawa na kwamba akiachwa ajilambe atapona upesi. Ulimi wake una kwaruzo na mdomo wake umejaa bakteria, na mbwa mwenye bidii anaweza kuzifungua nyuzi zote kwa usiku mmoja wakati watu wamelala. Kola nzuri hupita ncha ya pua kwa vidole viwili hivi. Inyanyue bakuli la maji juu ya tofali ili aweze kunywa akiwa ameivaa. Akiikataa kabisa, unaweza kujaribu fulana ya pamba ya mtoto: kichwa kipite shingoni, miguu ya mbele mikononi, na sehemu ya nyuma ikunjwe na kufungwa juu ya mgongo, mbali na jeraha. Fulana hiyo ibadilishwe kila inapolowa, na isitumike bila usimamizi kwa mbwa anayetafuna nguo. Leso ya kumfunga tumboni siishauri, kwa sababu huteleza, hukaza mahali pasipotakiwa, na hukaa na jasho na mkojo juu ya kidonda.

Hayo yote ni ya kumzuia, na kumzuia peke yake hakutoshi. Mbwa wa miezi 9 ana nguvu ambazo lazima ziende mahali, na zikikosa njia zitatokea kwenye kubweka, kutafuna na kuruka. Mimi naamini kwamba tiba yenyewe ni kumchosha akili badala ya miguu. Usimpe chakula kwenye bakuli. Kitawanye kwenye mikunjo ya taulo la zamani lililoviringishwa, akitafute kwa pua akiwa amelala. Chukua kifuu cha nazi kilichosafishwa na kulainishwa kingo kwa msasa, ukipake ndani wali laini uliochanganywa na kuku wa kuchemsha, ukigandishe kwenye friji, kisha umpe alambe taratibu. Atashughulika nacho kwa muda mrefu na kitampoza. Kaa naye anapokitumia, na ukiondoe anapoanza kukitafuna, kwa sababu vipande vya kifuu na nyuzi za kumbi vikimezwa vinaweza kuziba utumbo. Chakula unachotia humo kisiwe na kitunguu, kitunguu saumu, bizari wala chumvi. Mifupa iliyopikwa isiingie kabisa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Kisha mfundishe. Wakati huu wa kufungwa ni mzuri kwa masomo ambayo hayahitaji mwendo: kukutazama anapoitwa jina, kulala anapoambiwa «lala», kubaki hapo mpaka aruhusiwe, kukubali kushikwa nyayo na masikio. Kipande cha maini kilichokatwa kidogo sana kinatosha kuwa zawadi. Masomo yawe mafupi, dakika 5 kwa mara moja, lakini yarudiwe mara nyingi kwa siku. Na kwa kuwa shida yake kubwa ni kumparamia anayeingia, wadogo zako wafundishwe kumpa mgongo na kunyamaza anaporuka, wamsemeshe miguu yake yote minne ikiwa chini. Mtoto anayemkemea kwa kelele huku akirusha mikono humchochea tu.

Kutoka nje kuwe kwa ajili ya haja, akiwa amefungwa kamba fupi hata uani, dakika 5 hadi 10, mara 4 au 5 kwa siku, kwa mwendo wa kutembea tu. Mwache anuse atakavyo, maana kunusa humshughulisha sana. Alfajiri na baada ya jua kutua ndizo nyakati nzuri, boda boda na tuktuk zikiwa chache na ardhi ikiwa haichomi nyayo.

Ukiyafanya haya kwa siku 2 au 3 na bado anajirusha, usione aibu kumwomba daktari dawa ya kumtuliza. Zipo dawa zilizozoeleka kwa kazi hiyo, ambazo kipimo chake hutegemea uzito wa mbwa na dawa nyingine anazotumia. Usimpe dawa za mafua zinazoleta usingizi kwa watu, na usikubali kipimo cha kukisia kutoka kwa muuza dawa za mifugo.

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Likoni. Mbwa wetu alitolewa kizazi siku 6 zilizopita upande wa kisiwani. Sioni nyuzi zozote kwenye ngozi yake, na sasa umetokea uvimbe laini wa ukubwa wa limau chini ya kidonda. Jirani ameniambia nimkande kwa maji ya chumvi kisha nipake spiriti. Mwingine anasema majivu. Ningependa kujua kama ni lazima nivuke naye feri tena, maana safari ile ilimsumbua sana. — Mama wa Likoni.

JIBU: Dada yangu, nyuzi kutoonekana si kosa. Madaktari wengi hushona ngozi kwa ndani, wakitumia nyuzi ambazo mwili huziyeyusha wenyewe kwa muda wa wiki kadhaa hadi miezi, hivyo hakuna cha kutolewa. Nyuzi zinazoonekana nje ndizo zinazotolewa, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Lakini hata ambaye hana nyuzi za kutolewa anafaa kuonwa katika siku hizo.

Uvimbe laini, usio na joto wala maumivu, kwa mbwa anayekula na kuchangamka, mara nyingi huwa ni maji yaliyojikusanya mahali palipoachana chini ya ngozi, na sababu yake kubwa ni mbwa kujisogeza mno. Maji hayo mwili huyanywa wenyewe akipumzishwa. Usiukamue wala kuutoboa, maana utaingiza vijidudu mahali palipokuwa safi. Tatizo ni kwamba ngiri nayo inaweza kuanza kama uvimbe laini, na kuzitenganisha kunataka mkono wa daktari. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba aonwe, ila si lazima uvuke: tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya upande huo huo wa Likoni, uende naye na karatasi uliyopewa siku ya upasuaji. Ikikubidi kuvuka, chagua saa ambayo feri haina msongamano wa wanaokwenda na kurudi kazini, umweke kwenye kizimba au sanduku lenye matundu, na usimshike kwa kumkumbatia tumboni.

Maji ya chumvi, spiriti, majivu, Dettol isiyochanganywa, mafuta ya kujipaka, oili chafu ya gari: vyote viache. Spiriti huchoma na kuua chembe changa zinazojenga ngozi mpya, na majivu huziba kidonda pamoja na uchafu. Jeraha safi la upasuaji halihitaji kupakwa kitu. Linahitaji kubaki kavu na kutazamwa mara 2 kwa siku, katika mwanga mzuri, na kama unayo simu yenye kamera, lipige picha kila asubuhi ili ulinganishe. Wekundu kidogo na uvimbe mwembamba kando ya mshono katika siku 3 za kwanza ni jambo la kawaida, na tone moja au mawili ya maji yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni jambo la kawaida pia. Yasiyo ya kawaida ni wekundu unaoenea, usaha, harufu, kingo zinazoachana, uvimbe unaokua au kuwa mgumu, na damu inayodondoka.

Mtazame mbwa mwenyewe pia. Joto la mwili wa mbwa mzima ni nyuzi joto 38 hadi 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo usimpime kwa kiwango cha mtu. Fizi zake ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole mpaka ziwe nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikiwa fizi zake ni nyeusi kwa maumbile, geuza ukope wa chini utazame ndani. Fizi zilizopauka, tumbo linalovimba, unyonge unaozidi, kutapika mara kwa mara, au kukataa chakula kwa zaidi ya saa 24 ni dalili zinazoweza kutokana na damu kuvuja ndani au maambukizi, na hazingoji kesho. Mbwa aliyekuwa na kupe wengi kabla ya upasuaji atazamwe kwa makini zaidi, kwa sababu baadhi ya magonjwa yanayoenezwa na kupe hupunguza chembe zinazogandisha damu. Hata hivyo, dawa ya kuogeshea kupe isitumike mpaka jeraha lipone. Daktari anaweza kukupa kidonge badala yake.

Nzi wanaotua kwenye kidonda wazuie kwa usafi na kwa chandarua juu ya kizimba. Dawa ya kupuliza mbu usiipulizie karibu naye.

SWALI: Daktari, mimi nakaa gorofa ya tatu hapa Tudor, na nina mbwa wawili. Jike ametolewa kizazi wiki hii. Dume hajahasiwa, na amekuwa akimfuata jike na kutaka kumpanda ingawa hana kizazi tena. Ngazi ni nyingi. Halafu dawa ya maumivu imekwisha Jumapili na kliniki imefungwa. Nina Panadol na Brufen nyumbani. Je, naweza kumpa nusu? — Baba wa mbwa wawili, Tudor.

JIBU: Usimpe, ndugu yangu, hata robo. Ibuprofeni, yaani hiyo Brufen, huleta vidonda vya tumbo na huharibu figo za mbwa kwa kiasi ambacho mtu asingekisikia, na hatari huongezeka ikiwa bado ana mabaki ya dawa aliyopewa na daktari, kwa kuwa dawa nyingi za maumivu za mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, ni za kundi moja nayo. Daiklofenaki ni vivyo hivyo. Panadol nayo ikipewa kwa kukisia inaweza kuliumiza ini. Mpigie daktari simu hata kama ni Jumapili. Na kwa wengine wanaosoma, dawa ihesabiwe siku ya kuchukuliwa, ili isikatike mwisho wa wiki.

Kuhusu dume, watenganishe kabisa kwa wiki zisizopungua 3, mlango katikati yao, hata wakiwa wapenzi wa damu. Homoni hazimtoki jike siku moja na ovari. Harufu inaweza kubaki kwa siku kadhaa, na zaidi kama alipasuliwa akiwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, au karibu nalo. Kupandwa katika kipindi hiki si jambo la kupuuzwa, kwa maana kunaweza kuupasua mshono wa ndani mahali kizazi kilipokatwa na kuingiza maambukizi tumboni. Ndiyo sababu pia madaktari wengi hupendelea kusubiri miezi 2 au 3 baada ya joto ndipo wapasue, mishipa ya damu ya kizazi ikiwa imenywea. Na huyo dume naye apangiwe siku yake ya kuhasiwa.

Ngazi asizipande wala kuzishuka kwa wiki ya kwanza ikiwa unaweza kumbeba. Mkono mmoja upite mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, mgongo wake ukiwa umenyooka na tumbo lake halijaguswa. Kama ni mzito, mshushe polepole kwa kamba fupi, ukisimama kwenye kila kituo, na umtandikie gazeti na mchanga barazani kwa haja za usiku ili safari zipungue.

SWALI: Hujambo Daktari. Nyumba yetu ya Bamburi iko karibu na ufuo, na mbwa wetu amezoea kuogelea kila asubuhi. Atarudi baharini lini? Na ni kweli kwamba sasa atanenepa? — Msomaji, Bamburi.

JIBU: Sijambo. Asilowe kwa siku 14 zisizopungua, iwe kwa maji ya bahari, ya bomba au ya mvua, kwa sababu unyevu hulainisha ngozi changa, na mchanga uliokwama kwenye mshono huleta mwasho unaomfanya ajikwaruze. Baada ya daktari kuliona jeraha na kuridhika, anza na matembezi ya kamba kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yamekupwa, ukiongeza muda kidogo kidogo kwa wiki nzima. Mbio, mpira wa kufukuzia na kuogelea vifuate baada ya hapo. Siku ya kwanza ya kuogelea iwe fupi, msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na umkaushe tumbo vizuri.

Kunenepa si lazima, lakini mwili wake sasa utahitaji chakula kidogo kuliko kabla, na hamu yake ya kula inaweza kuongezeka wakati huo huo. Wengi huhitaji kupunguziwa kama robo ya mgao wao. Ikiwa bado anakua, mwulize daktari kabla ya kumpunguzia. Mpapase mbavu kila wiki: zinapaswa kuhisika chini ya vidole bila kuzitafuta kwa nguvu, na akitazamwa kutoka juu awe na kiuno. Mabaki ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga yahesabiwe kuwa ni chakula, si nyongeza, na miiba iondolewe yote kabla hajapewa.